Barua ya siri, pesa ya hadharani: kisa cha pochi ya Proton

Leo tuzungumze habari ya pochi. Si ile ya ngozi inayokaa mfuko wa nyuma wa suruali, bali ile ya kutunzia Bitcoin. Tarehe 24 Julai 2024 kampuni ya Proton ya Geneva, Uswisi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa barua pepe zake, ilitangaza pochi yake mpya, Proton Wallet. Waliofunguliwa mlango kwanza ni wateja wa daraja la Visionary, yaani wale wanaolipa ada ya juu, pamoja na watu walioalikwa. Ungedhani wateja wa namna hiyo wangepiga makofi tu. Wapi! Wako walioshangilia, wako walionuna, na wako waliouliza kwa ukali: hivi hawa watu wa barua wamefuata nini kwenye biashara ya sarafu?

Mimi huandika programu ili nipate riziki, na kwa kawaida kelele za siku ya kwanza huwa sizitilii maanani. Programu mpya ikitoka lazima watu walalamike, hata rangi ya kitufe italeta ugomvi. Lakini safari hii nilisimama nikasikiliza, kwa sababu karibu kila lalamiko lilikuwa na historia ndefu nyuma yake. Ukiijua historia hiyo utaona kwamba watu hawakuwa wanagombana juu ya programu. Walikuwa wanagombana juu ya maana ya neno faragha. Basi tuanze mwanzo.

Proton ilizaliwa mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya Edward Snowden kufichua jinsi serikali ya Marekani ilivyokuwa ikipeleleza mawasiliano ya watu. Waanzilishi wake, akiwemo Andy Yen ambaye alikuja kuwa mkuu wa kampuni, walikutana CERN, kile kituo maarufu cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza: barua isimbwe kwenye tarakilishi ya mwenyewe kabla haijafika kwenye seva, ili hata kampuni inayoitunza isiweze kuisoma. Waliomba mchango kutoka kwa umma, na watu wakatoa zaidi ya dola 550,000. Mchango ukiwa bado unaendelea, PayPal iliifunga akaunti yao na fedha nyingi za wachangiaji zikiwa ndani. Kulingana na Proton, mwakilishi wa PayPal alifika hadi ya kuuliza kama kampuni hiyo ina kibali cha serikali cha kusimba barua pepe! Baada ya kelele nyingi akaunti ilifunguliwa, lakini kovu lilibaki. Miaka kumi baadaye, ilipokuwa ikitangaza pochi, Proton ilikikumbusha kisa hicho. Hoja yao ni kwamba hata ukiwa na barua huru, pesa yako ikishikwa na mtu mwingine, anayeishika ndiye anayeamua kama utaishi au utafunga duka.

Kwa hiyo pochi ile haikuzuka tu. Ilikuwa jibu la tatizo la kweli. Swali ni kama dawa iliyochaguliwa inaponya ugonjwa wenyewe, na hapo lazima turudi nyuma zaidi.

Mtu wa kwanza kutupatia njia madhubuti ya pesa ya siri kwenye tarakilishi ni Mmarekani David Chaum. Mwaka 1982 alieleza jinsi benki inavyoweza kutia sahihi "noti" ya kidijitali bila kuiona namba yake, kama vile afisa anayegonga muhuri juu ya bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani. Muhuri unaingia kwenye karatasi, lakini afisa hajui kilichoandikwa. Noti ikirudi benki baadaye, benki inajua ni halali, ila haijui ilitoka kwa nani. Chaum aliunda kampuni ya DigiCash kule Amsterdam, na mwaka 1995 benki moja ya St. Louis, Marekani, iitwayo Mark Twain, ikaanza kuitumia pesa hiyo na wateja wake. Siri ilikuwepo, tena ya hali ya juu. Kilichokosekana ni watu. Maduka hayakutaka kujiunga kwa kuwa wateja ni wachache, na wateja hawakutaka kujiunga kwa kuwa maduka ni machache. Mwaka 1998 DigiCash ilifilisika, na kwa kuwa mfumo wote ulitegemea kampuni na benki zake, ulizama nayo.

Satoshi Nakamoto alipotoa waraka wake wa Bitcoin tarehe 31 Oktoba 2008, alichukua njia nyingine kabisa. Alimwondoa mtu wa kati. Hakuna benki wala kampuni. Badala yake kuna daftari moja linalonakiliwa kwenye tarakilishi nyingi duniani, na kila anayetaka analisoma. Hivyo ndivyo mtandao unavyohakikisha hakuna anayetumia sarafu moja mara mbili. Lakini angalia kilichobadilishwa na kilichopatikana! Chaum alificha nyayo ila alihitaji benki. Nakamoto aliondoa benki ila nyayo zikabaki wazi kwa kila mwenye macho. Kwenye daftari huandikwi jina lako, unaandikwa kwa anwani, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu. Siku jina lako likishafungamanishwa na anwani moja, mambo mengi yanaanza kufunuka yenyewe.

Ngoja niwape kisa kidogo. Rafiki yangu mmoja hutengeneza wavuti za wateja wa ng'ambo, na alikuwa akilipwa kwa Bitcoin. Anwani yake ilikuwa ileile moja, kaiandika chini ya kila ankara. Siku moja wakijadiliana bei, mteja akamwambia, "Mwezi huu naona umepata kazi nyingi, unaweza kunipunguzia." Rafiki yangu alishtuka, akadhani tarakilishi yake imeingiliwa na wezi. Hakuna aliyeiingilia. Mteja alikuwa ameinakili anwani ile, akaitafuta kwenye daftari la hadharani, akasoma kila malipo yaliyoingia. Fikiria kama kila mtu uliyewahi kumuuzia sukuma wiki angeweza kuyaona mapato yako yote!

Sasa turudi kwa Proton na maoni ya wale watumiaji wa kwanza.

Walioisifu walisifu jambo moja kuliko yote: kutuma pesa kwa anwani ya barua pepe. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana utamu wa jambo hili. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, sehemu kubwa ya siri ya mafanikio yake ilikuwa kwamba unamtumia mtu pesa kwa namba ya simu ambayo tayari unayo. Hukuhitaji jina la tawi wala namba ya akaunti. Bitcoin kwa miaka mingi ilikuwa kinyume chake: unanakili mfuatano mrefu usiosomeka, roho juu juu, maana ukikosea na pesa ikaenda kwa mwingine hakuna ofisi ya kupiga simu ili irudishwe. Proton waliiweka barua pepe mbele na anwani nyuma. Mpokeaji akiwasha huduma hiyo, programu yake huandaa anwani kadhaa mapema, inazitia sahihi kwa ufunguo wake, na kila anayemtumia pesa anapewa anwani mpya. Sahihi ile inamhakikishia mtumaji kwamba anwani ni ya mpokeaji kweli, haikubadilishwa njiani. Angalia basi: rafiki yangu wa ankara angekuwa anatumia njia hii, yule mteja angeona malipo yake mwenyewe tu. Hilo si jambo dogo.

Walisifu pia kwamba funguo zinatengenezwa kwenye kifaa chako, na kwamba msimbo wa programu uko wazi kwa anayetaka kuukagua. Watu walikuwa wameshalia vya kutosha. Mt. Gox, soko la Bitcoin la Tokyo, lilianguka Februari 2014 likidai kupoteza bitcoin zipatazo 850,000. Kisha FTX ikaanguka Novemba 2022. Kila mara waliolia ni wale waliomwachia mwingine funguo zao.

Lakini hapohapo ndipo malalamiko yalipoanzia. La kwanza na lenye kelele zaidi lilikuwa: kwa nini Bitcoin, si Monero? Monero ilianzishwa Aprili 2014, na iliundwa makusudi kuficha mtumaji, mpokeaji na kiasi. Walalamikaji walisema hivi: kampuni inayojinadi kwa faragha imechagua sarafu ambayo daftari lake liko wazi kama ubao wa matangazo, na kuacha ile iliyofunikwa. Proton nao walikuwa na hoja yao, kwamba Bitcoin ndiyo inayotumiwa na wengi na isiyo na mwenyewe. Ukikumbuka yaliyoipata DigiCash, hoja hiyo ina uzito: siri isiyo na watu haifiki mbali. Lakini pia tusijifanye hatuioni hali ya hewa ya mwaka ule. Februari 2024 soko kubwa la Binance liliiondoa Monero. Aprili 24 waanzilishi wa Samourai Wallet, pochi ya Bitcoin iliyokuwa ikichanganya sarafu za watu ili nyayo zipotee, walikamatwa kwa mashtaka ya Marekani. Mwezi Mei mahakama ya Uholanzi ilimhukumu mmoja wa watengenezaji wa Tornado Cash kifungo cha miezi 64, na tarehe 1 Juni kampuni iliyokuwa ikiendesha huduma ya kuchanganya sarafu ndani ya Wasabi Wallet ikaizima huduma hiyo. Wale wa Samourai walikuja kukiri kosa mwaka 2025, na Novemba mwaka huohuo wakahukumiwa vifungo vya miaka mitano na minne. Kampuni ya Uswisi yenye wafanyakazi na ofisi inayojulikana ilizindua pochi yake katikati ya dhoruba hiyo. Mimi simlaumu baharia anayepunguza tanga upepo ukikaza, ila abiria ana haki ya kuambiwa kwamba tanga limepunguzwa.

Kwa haki, Proton haikuficha kwamba daftari la Bitcoin ni la wazi. Inachosimba ni maelezo yanayobaki kwako: ujumbe ulioambatanisha na malipo, majina ya pochi zako, kumbukumbu zako. Kwa hiyo kampuni haiwezi kusoma kwamba ulilipa karo ya mtoto. Lakini kiasi, saa na anwani vimo kwenye daftari milele. Hata zile anwani mpya za kila malipo zina mwisho wa nguvu zake. Tuseme umepokea malipo matano madogo kwenye anwani tano, halafu unanunua kitu kikubwa kinachohitaji yote matano. Yakiingia pamoja kwenye muamala mmoja, anayechungulia anajua anwani zote tano ni za mtu mmoja. Si kasoro iliyogunduliwa jana, Nakamoto mwenyewe aliitaja kwenye waraka wake wa 2008.

Lalamiko la pili lilikuwa la watu wa usalama: funguo zote kwenye kishada kimoja. Mtu ambaye barua zake, nywila zake, mafaili yake na sasa pesa zake ziko chini ya akaunti moja, siku akaunti hiyo ikivamiwa amekwisha. Proton hutunza nakala ya yale maneno ya siri ya kurudishia pochi kwenye seva zake ikiwa imesimbwa, ili ukibadilisha rununu usipoteze kitu. Ni msaada mkubwa kwa mtu wa kawaida. Lakini waliokumbuka kisa cha Bitfinex hawakutulia. Soko hilo liliibiwa bitcoin 119,754 mwaka 2016. Wapelelezi wa Marekani walifuata nyayo kwenye daftari kwa miaka, na mwaka 2022 wakazikamata bitcoin zaidi ya 94,000. Walizipataje? Mtuhumiwa alikuwa ameweka funguo kwenye faili lililosimbwa ndani ya hifadhi yake ya mtandaoni, nao wakafanikiwa kulifungua. Kisa kimoja kinatufundisha mawili: daftari halisahau, na faili lililosimbwa lina nguvu sawa na nywila inayolilinda, basi.

Kulikuwa na wasiwasi mwingine wa kiufundi zaidi. Ukiifungua pochi kupitia kivinjari, programu inayofungua funguo zako inaletwa na seva kila unapoingia. Leo ni safi, kesho je? Wakongwe walikumbuka Hushmail ya Kanada, ambayo nayo iliuza barua zilizosimbwa. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba, kwa amri ya mahakama ya huko, Hushmail ilikuwa imekabidhi barua za wateja zilizosomeka wazi, kwa sababu katika njia rahisi ya kuitumia nywila ya mteja ilipitia kwenye seva yake. Proton imejengwa tofauti, nywila yako haifiki kwao. Hata hivyo somo linabaki: urahisi unaoletwa na seva huja na imani juu ya seva. Na imani hiyo ilishawahi kutikiswa. Mwaka 2021 ilibainika kwamba Proton, ikitii amri ya kisheria ya Uswisi iliyotokana na ombi la polisi wa Ufaransa, ilirekodi anwani ya IP ya mwanaharakati wa mazingira. Barua zake hazikusomwa, lakini alipokuwa pakajulikana. Bahasha ilibaki imefungwa, aliyeipeleka posta akaonekana.

Lalamiko la tatu halikuwa la Bitcoin hata kidogo. Wateja wa Linux walisema: tumesubiri programu ya Proton Drive ya kwenye tarakilishi zetu miaka na miaka, nanyi mmekwenda kutengeneza pochi! Julai hiyohiyo kampuni ilikuwa imeshatoa kihariri cha nyaraka na msaidizi wa kuandika anayetumia akili bandia. Wengine waliogopa sifa: baada ya FTX, neno sarafu ya kidijitali liliwakumbusha matapeli. Kwao ilikuwa kama kumwona mwalimu wa madrasa akifungua duka la bahati nasibu. Hasira yao naielewa. Mtu anayelipa ada kila mwaka anaamini ananunua kazi fulani, na akiona mafundi wamehamia chumba kingine anauliza.

La nne lilikuwa la ada. Pochi ilizinduliwa bila Lightning, ule mfumo unaopitisha malipo madogo nje ya daftari kuu kwa haraka na bei nafuu. Na watu walikuwa bado na kumbukumbu ya tarehe 20 Aprili 2024, siku ambayo wastani wa ada ya muamala mmoja wa Bitcoin ulipita dola 100. Siku nyingi ada huwa chini sana ya hapo, lakini kwa mtu anayetaka kutuma shilingi mia tano, hata dola mbili ni matusi. Pochi ile, kama ilivyotoka, ilimfaa mwenye kuweka akiba kuliko mwenye kununua mkate.

Basi nani alikuwa sahihi? Mimi naona pande zote, ila kila mmoja alikuwa akizungumzia siri yake. Iko siri ya bahasha: asiyehusika asisome ndani. Na iko siri ya nyayo: asiyehusika asijue ulikwenda wapi, lini, kwa nani. Proton kwa miaka kumi iliuza siri ya bahasha na kuiuza vizuri. Ilipoingia kwenye Bitcoin, iliingia kwenye mji ambao kila mtu anatembea juu ya mchanga, na bahasha haifuti nyayo. Waliosifu walikuwa wakilinganisha na walivyokuwa wakiishi awali, yaani soko linalowashikia funguo na anwani moja kwa kila mteja. Kwao hii ilikuwa hatua mbele. Walionung'unika walikuwa wakilinganisha na neno lenyewe lililoandikwa juu ya mlango wa kampuni.

Ndiyo maana nakushauri, ndugu msomaji, ukisikia pochi yoyote ikijiita ya faragha, iwe hii au nyingine, usiulize kama ni ya siri. Uliza: siri dhidi ya nani? Kampuni? Mwizi wa nywila? Mteja anayechungulia mapato yako? Serikali yenye amri ya mahakama? Kila mmoja ana jibu lake. Na ukishaamua kuitumia, yaandike yale maneno 12 kwenye karatasi kwa mkono wako, uyahifadhi mbali na tarakilishi, na usimpe mtu anayejiita huduma kwa wateja. Akiba kubwa usiiweke kwenye kitu kinachofunguka kwa nywila ileile unayosomea barua.

Rafiki yangu yule siku hizi anatoa anwani mpya kwa kila ankara. Mteja wake bado anaomba apunguziwe bei, lakini sasa anabahatisha kama sisi wengine.